Ukimpoteza Mtoto Wangu, Kesho Nani Atakupigia Simu?

(Haya ni maneno niliyosema kwenye baraza la mtaa hapa Mombasa, nimeyaandika karibu vile vile, nimeondoa tu makelele ya maikrofoni na pale mzee mmoja aliponikatiza mara mbili, na alikuwa na haki yake ya kunikatiza.)

Assalaam aleikum, bwana asifiwe kwa ndugu zetu Wakristo, wazee wangu shikamooni, mama zangu, vijana mlioko kule nyuma juu ya pikipiki, na afande OCS, mkuu wa kituo chetu cha polisi, ahsante umekuja mwenyewe hukututumia mtu. Mzee wa mtaa kanipa dakika 20 na najua nitaiba nyengine 10, mnisamehe mapema.

Nataka nianze pale ambapo sisi mawakili wa haki za binadamu huwa tunapita mbio mbio. Ugaidi upo jamani. Kuna watu hapa mtaani hadi leo wanasema ati ni mchezo wa serikali, ni Marekani, ni sijui nani, na mimi nawaambia basi nendeni mkawaambie wale waliozika. Agosti 7, 1998 Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam siku hiyo hiyo, karibu saa hiyo hiyo, watu 11. Duka kubwa la Westgate, Nairobi, Septemba 2013 watu 67, waliokwenda kununua mkate na viatu vya watoto. Hapa Likoni, Machi 2014, watu wako kanisani Jumapili wanaomba, bunduki ikaingia, mtoto mdogo akapigwa risasi kichwani na mamake akafa. Mpeketoni Juni mwaka huo huo zaidi ya 60. Mandera Novemba basi likasimamishwa, abiria wakachambuliwa kama mchele, huyu Muislamu huyu si Muislamu, 28 wakauliwa pale kando ya barabara. Chuo kikuu cha Garissa Aprili 2, 2015, alfajiri, watu 148 na karibu wote ni wanafunzi.

Alafu kuna jambo linalouma zaidi. Hoteli ya Dusit kule Nairobi, Januari 2019, walikufa watu 21, na mmoja wa wale walioshambulia alikuwa mtoto wa hapa hapa Mombasa. Mwengine alikuwa mtoto wa mwanajeshi, babake alikula kiapo cha kuilinda nchi hii. Kwa hivo ile habari ya kusema magaidi ni watu wa mbali wanavuka mpaka usiku na ngamia, tuiache. Wanatoka kwenye nyumba ambazo mama anajua kijana wake amebadilika, hali chakula na wenzake, simu anaiweka kifudifudi, rafiki zake wa zamani hawataki tena.

Sasa hapo kwa huyo mama ndio hotuba yangu yote ilipo. Manake yeye ndiye anayejua kwanza, kabla ya majasusi wa NIS, kabla ya polisi wa Anti-Terror, kabla ya mashine zote za kusikiliza simu ambazo serikali imenunua. Na swali la usalama wa nchi hii, kwa maoni yangu, sio tuwape polisi nguvu kiasi gani, swali ni je huyo mama atainua simu ama ataogopa.

Hebu niwape mfano wa mtu aliyeinua. Mmoja wa wale walioshambulia chuo cha Garissa alikuwa kijana wa Mandera, amesoma, amemaliza sheria University of Nairobi, yaani mwenzangu kabisa kwa kazi. Babake alikuwa chifu. Na yule mzee alikuwa ashakwenda kwa wakubwa kuripoti kwamba mwanawe kapotea na anaogopa asije akawa amevuka kwenda Somalia. Serikali yenyewe ilikiri hilo baada ya shambulizi. Fikirieni uzito wa hicho kitendo, baba anakwenda kumsema mtoto wake wa kumzaa, tena chifu, mtu mwenye jina. Alafu siku ya siku watu wanauliwa mabwenini tangu kabla ya jua, na kikosi maalum cha polisi, Recce, kinatoka Nairobi kinafika mchana. Hapo mtaniambia tatizo lilikuwa katiba? Tatizo lilikuwa ni haki za binadamu zimezidi? Habari ilikuwepo, imeletwa na baba mzazi.

Na mwaka mmoja tu kabla ya hapo serikali ilikuwa imefanya nini. Aprili 2014, ule msako walioupa jina Usalama Watch. Maelfu ya askari wakaingia Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi kule Nairobi, na mitaa mingine, mlango kwa mlango, karibu watu 4,000 wakashikwa, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani, uwanja wa mpira jamani, watu na watoto wao, wengine wana vitambulisho mkononi na bado wakasombwa. Kituo cha polisi cha Pangani seli zikajaa mpaka watu wakasimama usiku kucha. IPOA, ambayo kazi yake ni kuwachunguza polisi, na ni taasisi ya serikali si yetu sisi wapiga kelele, ikaandika ripoti kwamba watu wamewekwa kupita saa 24 na kwamba kuna malalamiko ya hongo. Na kila mtu aliyekuwa Eastleigh anajua bei ilikuwaje, mwenye kitu alitoka usiku huo huo, asiye na kitu akapanda lori. Sasa nawauliza, gaidi anayelipwa na Al-Shabaab, yeye atakosa kitu kidogo cha kumpa askari? Msako wa namna ile unawabakisha ndani maskini na unawaachia wenye pesa, na gaidi ana pesa.

Sisemi msako ule ndio ulioleta Mpeketoni na Mandera na Garissa, hapana, sitaki kuunganisha vitu kwa kamba ya uongo. Nasema tu haukuzuia, na ukawafundisha watu elfu kadhaa kwamba ukiona gari ya polisi, kimbia.

Kwetu hapa mnakumbuka Masjid Musa, Februari 2014. Na niseme ukweli wote, kule ndani bendera nyeusi zilikuwepo na vijana walikuwa na visu na askari aliumizwa vibaya, tusijifanye ilikuwa darasa la tajwidi. Polisi walikuwa na sababu ya kuingia. Wakashika zaidi ya watu 100. Lakini kuna kijana mmoja alipigwa picha akiwa mikononi mwa polisi, ametiwa nguvuni, picha ikatoka magazetini Kenya nzima ikaiona, na baada ya hapo hakuonekana tena. Polisi wakasema alitoroka. Sawa. Mimi nimekuwa nikizunguka mitaa hii na kazi yangu ya sheria tangu wakati huo na nawaambia hakuna kitu kilichowasaidia wale waandikishaji wa Al-Shabaab kama ile picha. Hawakuhitaji hotuba tena, walikuwa wanaonyesha simu tu.

Wale wahubiri wawili wa hapa waliotuhumiwa kuwapeleka vijana kwa Al-Shabaab, Aboud Rogo kauliwa barabarani Agosti 2012, Makaburi kauliwa Aprili 2014 nje ya korti ya Shanzu. Hawa watu mimi sikukubaliana nao hata kidogo, wameharibu watoto wa watu. Lakini nilitaka kuwaona kizimbani, wasomewe ushahidi, wahukumiwe mbele ya vijana wao, ili wale vijana wasikie kwa masikio yao nini kilifanyika na pesa zilitoka wapi. Badala yake wakafa wakiwa mashahidi machoni pa wafuasi wao. Nani alipata faida pale? Si serikali, si sisi.

Sasa tuje kwa sheria, na nitasema kwa lugha ya barazani. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, ukishikwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, upewe nafasi ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, na kama saa 24 zinaangukia usiku ama Jumapili basi siku ya korti inayofuata. Watu wengi, na maafande wengi, wanadhani hiyo saa 24 maana yake polisi wana siku moja tu ya kuchunguza alafu mtu aende nyumbani. Siyo. Polisi wa ugaidi wanamleta kortini wanasema mheshimiwa uchunguzi haujaisha, tunaomba wiki mbili, tunaomba mwezi, na korti ikiona sababu inawapa. Inawapa sana tu, mimi nimesimama upande wa pili nikapinga na nikashindwa mara nyingi. Tofauti ni kwamba hakimu amemuona. Ana jina kwenye faili, hana jino lililong'oka, mamake amekaa kwenye benchi la nyuma. Saa 24 ni za mtu kuonekana. Na kifungu cha 25 kinasema mateso hayaruhusiwi hata siku moja, hakuna vita, hakuna dharura, na haki ya kuiomba korti iamuru mtu aletwe, hiyo pia haiguswi. Hivi vingine, kutembea, kuongea, faragha, katiba yenyewe inakubali vipunguzwe kwa sheria ikiwa kuna sababu ya kweli na kipimo. Kwa hivo wale wanaosema katiba inawafunga polisi mikono, hawajaisoma.

Na kwa korti hizo hizo wanazosema zinachelewesha, kesi zimeshindwa na kesi zimeshinda. Westgate, Oktoba 2020, watu wawili walifungwa, mmoja miaka 33 mwengine 18, na kilichowafunga sana ni mawasiliano ya simu na washambuliaji. Dusit, mwaka 2025, wawili wengine wakapewa miaka 30 kila mmoja, pesa za kutumwa kwa simu na vitambulisho vya uongo. Hiyo ni kazi ya polisi nzuri kabisa, mtu ameketi na makaratasi ya kampuni ya simu anafuata shilingi moja moja, na mimi hiyo kazi naivulia kofia. Lakini katika ile kesi ya Westgate kulikuwa na mshtakiwa mwengine, korti ikasema huyu ushahidi hakuna, aachiwe. Ameachiwa, hajafika mbali, watu wenye bunduki wakamchukua barabarani Nairobi mchana, akapotezwa, na familia ikabaki kuzunguka vituo. Yaani kesi ile ile moja, korti imefanya kazi yake pande zote mbili, kafunga wenye makosa kaachilia asiye na ushahidi, na mtu fulani akaona hukumu haijamfurahisha. Afande sisemi ni nyinyi, mimi sijui ni nani. Nasema tu ile kesi ya miaka saba iliharibiwa kwa dakika tano, manake sasa nikimwambia mama wa Kisauni mpeleke mwanao polisi, korti itaamua, ananiuliza na korti ikiamua je.

Mimi si mtu wa kupinga kila kitu. Kupekuliwa begi mlangoni kwa duka kubwa, napekuliwa. Feri ya Likoni tunapita kwa mistari na mbwa wananusa, sawa, nashuka nakwenda zangu, wote tunapekuliwa, tajiri na mchukuzi. Kamera za barabarani nazikubali ilmradi nijue nani anazitazama na picha zinakaa muda gani. Kusikiliza simu ya mtu kwa amri ya korti, nakubali, kesi hizo nilizotaja zimepatikana kwa simu. Ninachokataa ni kitu kinachofanywa na mtu ambaye hana jina la kuandikwa. Gari haina namba, jamaa hawana sare, kituo kinasema hatumjui. Hapo ndio mpaka wangu, na nadhani ni mpaka ambao hata mwenye duka anayeogopa bomu anaweza kuukubali.

Mnakumbuka Disemba 2014, baada ya Mandera mara ya pili, machimbo ya mawe watu 36. Nchi ina hasira, na ni haki. Bunge likakaa siku moja ya vita ya kweli kweli, wabunge wanapigana na kurushiana maji, na ile sheria ya usalama ikapita na kesho yake Disemba 19 ikawekwa saini. Ndani yake wameweka kwamba gazeti likitoa picha ya maiti wa ugaidi bila ruhusa ni jela miaka 3 ama faini milioni 5, wakaweka kwamba wakimbizi Kenya wasizidi 150,000 na wakati huo wako zaidi ya nusu milioni, sasa hao wengine watakwenda wapi, baharini? Februari 23, 2015 majaji watano wakafuta vifungu 8. Vifungu vingine vingi vikabaki, vikiwemo vya upelelezi wa mawasiliano, na nchi haikuanguka. Mimi napenda sana ile hukumu, si kwa sababu tulishinda, manake hatukushinda yote, ni kwa sababu majaji walikaa wakachukua kifungu kimoja kimoja wakauliza hiki kinazuia bomu gani.

Miezi miwili baadaye, baada ya Garissa, serikali ikatoa orodha ya watu na mashirika yanayodaiwa kusaidia ugaidi, na ndani yake wamo MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa. Akaunti zikafungwa. Hawa ndio waliokuwa wanakwenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta vijana warudi! Korti kuu hapa Mombasa ikasema ushahidi hakuna na ikaamuru akaunti zifunguliwe, lakini miezi yote ile wafanyakazi hawana mshahara na simu za wazazi hazina wa kuzipokea.

Na hili neno ugaidi likishakuwa na nguvu linatafuta kazi nyengine. Vijana walioshikwa baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, kuna waliopelekwa korti ya Kahawa, korti ya kesi za ugaidi, wakashtakiwa kwa ugaidi. Kuchoma kituo cha polisi ni kosa, tena kubwa, na lina kifungu chake tangu zamani, mtu ashtakiwe kwa hicho. Majirani zetu Tanzania ni hivo hivo, masheikh wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka na miaka kwa kesi ya ugaidi mpaka 2021 ikafutwa, na mwaka huo huo Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani Chadema, akashikwa Mwanza usiku wa kuamkia kongamano la katiba, akapewa ugaidi, Machi 2022 mwendesha mashtaka akasema hana haja tena. Kila kesi kama hiyo inawafanya watu waanze kucheka wakisikia mtu ameshtakiwa kwa ugaidi. Na siku moja yule anayeshtakiwa atakuwa gaidi kweli na sisi tutakuwa tunacheka.

Sasa na sisi. Msidhani nimekuja kumsema afande tu. Kuna nyumba hapa, siitaji, kijana aliondoka akasema anakwenda kazi Qatar, na mtaa mzima unajua hakupanda ndege. Watu wakanyamaza. Mwengine anakuja na pesa za ghafla anawalipia vijana chai kila usiku baada ya isha, hana kazi, hana duka, na sisi tunakunywa. Kunyamaza kwetu kuna damu ndani yake. Disemba 2015 huko Mandera basi lilisimamishwa tena, na safari hii abiria Waislamu walikataa kujitenga, wakina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike, wakawaambia wale wenye bunduki tuueni sote ama mtuachie. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi pale na akafa mwezi uliofuata. Hawakuwa na silaha hata moja. Sisi tunaogopa kupiga simu.

Lakini mkitaka kujua kwa nini tunaogopa, sikilizeni hili. Mama mmoja alinijia, mwanawe kachukuliwa saa tisa usiku, mlango umevunjwa, jamaa wamefunika nyuso. Nikaenda naye kituo, sitataja kipi na si chako afande. Askari wa kaunta anafungua OB, kile kitabu cha kuandika matukio ya kituo, anapitisha kidole kwenye mstari, polepole, anasema hayumo. Tunakwenda cha pili, hayumo. Cha tatu yule askari hakufungua hata kitabu, akamuangalia mama akamwambia wewe ndiye mamake yule gaidi. Kumbe jina analijua, na kitabuni hayumo. Tulimpata siku ya tano kortini Nairobi, na baadaye akaachiwa bila mashtaka. Sasa hivi yule mama ana mtoto mwengine wa kiume, miaka 17, na mimi nawaambia kwa hakika kwamba akiona lolote kwa huyu wa pili atamficha mpaka chini ya kitanda. Wamempoteza yule mama. Alikuwa macho yao ndani ya ile nyumba.

Kwa hivo afande nina maombi matatu na ni madogo, hayahitaji bunge wala bajeti. Moja, kila asubuhi saa mbili orodha ya walioko seli isomwe kwa mzee wa mtaa na mama mmoja wa mtaa, jina na namba ya OB, hata kama mtu ameletwa na watu wa Nairobi usiku wakasema msimuandike, muandikeni. La pili, askari akija nyumbani usiku aache namba yake ya kazi kwa mwenye nyumba. La tatu, mzazi akileta habari ya mwanawe, apewe jina la afisa mmoja, mmoja tu, atakayempigia na atakayempokea, na kijana akishikwa kwa habari hiyo mzazi aambiwe yuko wapi siku hiyo hiyo.

Na sisi upande wetu, mzee wa mtaa na imamu na pasta wamekubali, nimeongea nao kabla ya kupanda hapa, kwamba mzazi yeyote anayeogopa kwenda kituo peke yake watakwenda naye, usiku ama mchana, na mimi ama mwenzangu tutakuwepo bila malipo. Namba zetu zitabandikwa mlangoni kwa msikiti na kanisani kuanzia Ijumaa.

Dakika zangu zimeisha na zile za wizi pia zimeisha. Maswali yako nyuma naona mikono, lakini kwanza naomba afande ajibu hilo la kwanza, la orodha ya asubuhi, ndio ama hapana, alafu tuendelee.